Samaki wa Tangi Jipya Hufa kwa Haraka ya Mwenye Tangi

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi kandokando ya soko kuu, aweza kwa asubuhi moja kujipatia karibu vyote vinavyohitajiwa kwa kutengeneza tangi la samaki la nyumbani: fundi vioo wa kumkatia vipande vitano kwa vipimo, gundi ya silikoni, ndoo, pampu ndogo ya hewa na mpira wake. Wauzaji wa samaki wa mapambo nao hawakosekani jijini. Basi tangi hujazwa maji adhuhuri, samaki huingizwa alasiri, na jioni watoto na majirani hukusanyika kutazama. Wiki ya kwanza hupita kwa furaha. Katika wiki ya pili samaki hupanda juu ya maji kutafuta pumzi, mapezi yao hukunjamana, na mmoja baada ya mwingine hukutwa akielea. Mwenye tangi humlaumu muuzaji, muuzaji huyalaumu maji ya bomba, na jirani husema kwamba samaki wa kigeni ni dhaifu. Kwa kawaida wote watatu hukosea.

Kosa limo katika kudhani kwamba maji yaliyo safi kwa macho ndiyo maji yafaayo kwa samaki. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, na nyingi hupitia katika matamvua yake. Ziwani au mtoni amonia hiyo hupotea katika maji mengi, na tena huliwa na bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na majani. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki isichukue oksijeni. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo isipokuwa ikizidi mno. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kundi lolote kati ya hayo mawili. Vioo ni vipya, changarawe imeoshwa ikatakata, na maji yametiwa klorini kwa makusudi ya kuua viumbe vidogo. Ni nyumba nzuri isiyo na choo.

Jambo hili halikuvumbuliwa jana. Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walijaza mchanga na chokaa katika bomba refu la kioo, wakapitisha humo maji machafu polepole. Kwa siku 20 hivi amonia iliyoingia ndiyo iliyotoka. Baada ya hapo nitrati ikaanza kuonekana, na amonia ikatoweka. Walipopitisha mvuke wa klorofomu, dawa iduwazayo viumbe hai, kazi yote ikasimama. Hivyo ikadhihirika kwamba mabadiliko yale ni kazi ya viumbe hai, si ya kemia peke yake. Baadaye Winogradsky alionyesha kwamba vipo viumbe vya aina mbalimbali, kila aina na kazi yake. Msomaji aiangalie tena ile hesabu ya siku 20. Bakteria hawa huzaana taratibu sana wakilinganishwa na wale wanaochachusha maziwa, na hakuna mwenye tangi wa Kariakoo awezaye kuwahimiza kwa fedha.

Ni kweli kwamba samaki hawalingani kwa uvumilivu. Gupi huweza kustahimili maovu mengi. Lakini wale wanaotamaniwa zaidi kwa rangi na tabia zao ni samaki wa jamii ya sikilidi kutoka Ziwa Tanganyika, ambao perege na sato ni ndugu zao. Tangu miaka ya 1970 samaki hao wamekuwa wakisafirishwa wakiwa hai kutoka ziwa hilo hadi Ulaya na Marekani. Wamo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na wamo wa aina ya Tropheus wanaokwangua mwani juu ya miamba, ambao huvimba tumbo na kufa wakilishwa vyakula vizito vya nyama. Kwa hiyo jirani yule anayewaita wageni amekosea pia kwa upande huo: wengi wao ni wenyeji wa Kigoma.

Kwa nini basi wanakufa upesi? Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali. Kipimo chake cha pH hukaribia 9. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja yenye chaji ya umeme na nyingine isiyo na chaji. Hii ya pili ndiyo ipenyayo kwa urahisi katika matamvua. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 28 za Sentigredi, sehemu isiyo na chaji haifiki hata moja katika mia. Yakiwa na pH 9, hufikia kama sehemu 40 katika mia. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho gupi hakitambui katika maji ya kawaida humuunguza matamvua samaki wa Tanganyika katika maji yaliyotengenezwa kwa kufuata desturi ya kwao. Huu ndio mtego: kadiri mwenye tangi anavyojitahidi kuyafananisha maji na ya ziwani, kwa kutia mchanga wa makombe uliosagwa kwa mfano, ndivyo amonia ya tangi changa inavyozidi ukali. Mchanga huo ni mzuri, na bakteria wenyewe wanahitaji chokaa yake; ubaya ni kuutia pamoja na samaki siku moja.

Hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54, na likiwekewa changarawe hubaki maji ya lita 50 hivi. (Maji hayo ni kilo 50, meza ya mguu mmoja uliolegea isithubutiwe.) Chakula cha samaki chenye protini sehemu 40 katika mia kina takriban miligramu 64 za naitrojeni katika kila gramu. Ikichukuliwa kwamba nusu ya hiyo hutolewa kama amonia, gramu moja kwa siku huongeza zaidi ya miligramu 0.6 katika kila lita. Katika pH 9, kiasi cha robo miligramu kitakuwa cha ile sura yenye sumu, ilhali matamvua huanza kudhurika kwenye mia chache tu za miligramu. Hiyo ni siku moja. Watoto wa nyumbani hulisha mara tatu.

Yafuatayo, basi, ndiyo yangestahili kusemwa na kila muuzaji kabla ya kupokea fedha. Tangi lijazwe, pampu na chujio la sponji viwashwe, na samaki wasiingizwe. Kama ni maji ya bomba, yakae kwanza katika ndoo iliyo wazi siku nzima ili klorini itoke. Kama ni ya kisima, yapimwe kabla ya kutumiwa, kwa kuwa visima vingi vya katikati ya jiji vina chumvi, na vilivyo karibu na vyoo vya shimo huweza kuwa na nitrati nyingi tangu mwanzo. Kisha litiwe chembe za chakula kila siku, au kipande cha kamba kisichozidi ncha ya kidole, kioze humo na kuwalisha bakteria. Aliye na rafiki mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa aombe sponji chafu ya chujio lake. Zawadi hiyo ina thamani kuliko samaki wawili. Amonia itapanda, itashuka. Nitriti itapanda, nayo itashuka. Kwa muda wa wiki tatu hadi sita, karatasi za kupimia zikionyesha kwamba zote mbili zimetoweka ingawa chakula bado kinatiwa, waingizwe samaki wawili au watatu wadogo.

Katika jambo moja Dar es Salaam ina bahati. Vitabu vya nchi za baridi husisitiza kifaa cha kupasha maji moto. Hapa jua limeshafanya kazi hiyo, na bakteria hustawi vyema katika joto la nyuzi 28. Lakini maji ya joto hushika oksijeni kidogo: yenye nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi kwa lita, na yenye nyuzi 30 miligramu 7.5. Umeme ukikatika, hatari huwa kwa samaki na kwa bakteria pamoja, kwa sababu nao hupumua. Chujio lililofungwa, likikosa maji yanayopita kwa saa kadhaa, huoza ndani, na umeme ukirudi humwaga uozo wake tangini. Wakati wa giza sponji itolewe ndani ya chujio iachwe majini, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu kila baada ya muda, na chakula kisitolewe kabisa.

Desturi ya kuosha tangi lote kila Jumamosi kwa sabuni na maji ya bomba ni mbaya kuliko kutoliosha. Huwafukuza wafanyakazi wote na kuirudisha saa kwenye siku ya kwanza. Yatosha kubadili robo ya maji kwa wiki, na kuikamua sponji ndani ya maji yaleyale yaliyotolewa tangini.

Wako watakaosema kwamba jiji lenye shida ya maji halina haja ya kujishughulisha na samaki wa kutazama. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu anayenunua maji kwa ndoo, wala hapaswi kushawishiwa. Lakini kwa shule za sekondari haina nguvu. Mzunguko wa naitrojeni hufundishwa kwa mchoro wa mishale ambao mwanafunzi huukariri na kuusahau baada ya mtihani, ilhali ndio mzunguko uleule unaofanya kazi katika bwawa la perege, katika shamba la mahindi, na katika mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Tangi la lita 50 huuonyesha kwa macho na kwa namba, na sehemu yake yenye elimu kubwa kuliko zote ni zile wiki ambazo halina samaki hata mmoja. Mwalimu anayeweka samaki siku ya kwanza ili wanafunzi wapendezwe amelitupa somo lenyewe.

Kalenda ya shule inaafikiana na kazi hii. Tangi likijazwa wiki ya kwanza ya masomo mwezi Januari, na wanafunzi wakipima amonia na nitriti kila siku ya tatu na kuchora grafu, samaki wa kwanza wataingia karibu na mwisho wa Februari. Kabla ya likizo ya Juni maji yabadilishwe robo na chombo cha chakula kifungiwe kabatini. Samaki wazima wenye afya hukaa wiki moja au zaidi bila kula. Likizo ikiwa ndefu kuliko hapo, mlinzi aachiwe vijikaratasi vilivyofungwa, kila kimoja kikiwa na chakula cha siku moja, kwa siku mbili za kila wiki na si zaidi.