Mgawaji wa Rangi Ndani ya Kompyuta



Aliyepata kupita Likawage, wilayani Kilwa, kabla ya mvua za kwanza, anajua kuwa miti ya miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, ndipo kijani kifuate. Jicho huziona rangi hizo zote bila taabu. Kwa kompyuta za zamani, jambo hilo lilikuwa na gharama kubwa.

Kioo cha kompyuta hujengwa kwa nukta. Chenye nukta 640 kwa 480 kina nukta 307,200. Kila nukta ikiandikiwa rangi yake kamili kwa baiti 3, huhitajika baiti 921,600. Nayo kumbukumbu ya mashine za miaka ya 1980 ilikuwa haba na ghali. Wataalamu wakatumia akili ya msuka mikeka, ambaye huchemsha sufuria chache za rangi na kuchovya ukindu wake wote humo. Kompyuta ikawekewa jedwali la rangi 256, zilizochaguliwa miongoni mwa zaidi ya milioni 16, na kila nukta ikabeba namba tu ya rangi yake jedwalini. Baiti 1 ikatosha badala ya 3.

Lakini penye uhaba hapakosi mvutano. Picha ya msitu wa Likawage hutaka kijani na wekundu. Picha ya bahari ya Kilwa Kisiwani hutaka samawati. Zikifunguliwa pamoja, na kila programu ikajaza jedwali ipendavyo, majani huweza kugeuka buluu. Ndipo alipohitajika mgawaji, yaani mfumo endeshi. Windows 3.0, iliyotoka mwaka 1990, ilijitengea rangi 20. Dirisha lililo mbele likapewa haki ya kwanza juu ya 236 zilizobaki. Yaliyo nyuma yakapata nafasi zilizosalia, au rangi iliyo karibu zaidi.

Leo vioo vingi huonyesha rangi kamili, na mvutano huo umekwisha. Hata hivyo, jedwali bado limo ndani ya faili za GIF na baadhi ya PNG, nawe unayenunua bando la intaneti linakuhusu. Tangazo au mchoro wenye rangi chache, ukihifadhiwa hivyo, huwa mwepesi kuutuma. Lakini picha ya kidonda cha mtoto unayompelekea daktari usiipunguze rangi, kwani tofauti ndogo kati ya wekundu na wekundu yaweza kupotea, nayo ndiyo aitafutayo. Kubana matumizi ni busara. Kujua kisichobanwa ni busara zaidi.