Asilimia 30 ya bahari ifungwe? Muulize kikande kwanza

Desemba 2022, jijini Montreal kule Kanada, karibu nchi 200 zilikubaliana jambo moja: kufikia mwaka 2030, asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari iwe chini ya ulinzi. Kenya ilikuwa ndani. Kwa karatasi inasomeka poa sana. Lakini kwa ground, kuanzia Vanga hadi Lamu, swali ni lingine: nani ataambiwa aache kuvua, wapi, na atakula nini akingoja?

Mimi sina digrii ya biolojia ya bahari. Sina digrii ya kitu chochote, kwa hivyo wacha nieleze vile ningemweleza msee wa Umoja ambaye bahari anaiona likizo ya Desemba peke yake.

Anza na matumbawe. Yanafanana na mawe lakini si mawe. Ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja kwa maelfu, na jiwe ni nyumba waliyojijengea. Ndani ya mwili wa kila mmoja kuna mpangaji: mwani mdogo ambao huwezi kuuona kwa macho. Mwani unapewa makao, halafu unalipa kodi kwa chakula unachotengeneza kwa mwanga wa jua. Rangi zile unazoona kwa picha za Watamu nyingi zinatokana na huyo mpangaji.

Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mpangaji anafukuzwa. Tumbawe linabaki jeupe pe. Halijafa bado, lakini limelala njaa, na joto likiendelea linakufa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, miamba mingi ya Kenya ilipoteza kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe yake hai. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe. Hali hii imeanza kuwa ya kawaida.

Sasa, joto la bahari halizimwi na mtu wa Kilifi. Kile kinachoweza kuamuliwa hapa nyumbani ni kinachofuata baada ya joto kupita: je, mwamba utapona ama utageuka kuwa kifusi? Hapo ndipo kikande anaingia.

Kikande ni samaki mwenye meno magumu kama koleo. Chakula anachokipenda ni yule mnyama wa duara mwenye miiba, ambaye ukimkanyaga likizo yako imeisha. Wacha tumwite nungu wa bahari. Nungu anakula mwani unaoota juu ya mwamba, na akiwa kiasi hana neno. Wakizidi, wanatafuna hadi jiwe lenyewe, na wanawamalizia chakula samaki wanaokula mwani kama pono. Shida ni kwamba kikande ni mlafi. Ukitupa ndoano, yeye ni wa kwanza kuingia. Kwa hivyo palipo na uvuvi mwingi anaisha mapema, nungu wanajaa, pono wanapungua, na mvuvi anarudi na kapu jepesi. Tena nungu hana soko.

Hii si hadithi ya vijiweni. Tim McClanahan, mwanasayansi ambaye amechunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alilinganisha sehemu zinazovuliwa na mbuga za baharini ambako uvuvi umepigwa marufuku. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Ndani ya mbuga za zamani nungu ni wachache, nje wamejaa. Lakini kuna jambo moja la kuumiza kichwa: ukifunga eneo, samaki wengine wanarudi ndani ya miaka michache, ila kikande anaweza kuchukua karibu miaka 30 kurudi kikamilifu.

Hesabu hiyo ifanye tena. Serikali ikifunga kipande cha bahari mwaka 2029 ili ifikishe asilimia yake, ramani itapendeza mwaka 2030, lakini kazi ya kikande itaonekana karibu 2060. Na eneo la zamani likifunguliwa hata kwa misimu michache, miongo ya kungoja inaenda na maji. Bahari haiangalii tu ukubwa wa eneo ulilofunga. Inaangalia umelifunga kwa muda gani.

Na kungoja kuna bei. Mbuga ya Mombasa ilipoanza 1986, ilichukua sehemu kubwa ya maeneo ya wavuvi. Baadaye, waliovua karibu na mpaka wake walianza kupata zaidi kwa kila mtu, kwa sababu samaki hawajui mpaka. Lakini kati ya hapo na pale kuna watoto wa shule na unga wa kununua. Usisahau upepo pia. Kusi ikivuma, mashua ndogo haziwezi kuvuka mwamba kwenda bahari kuu, kwa hivyo kila mtu anabanana ndani. Ukifunga sehemu hiyo ya ndani bila mpango, umemfungia mtu kazi miezi kadhaa ya mwaka.

Kuruwitu, kule Kilifi, walifuata njia tofauti. Katikati ya miaka ya 2000 wanakijiji wenyewe walitenga eneo la karibu hekta 30 wakaliita tengefu. Hakuna aliyetumwa kutoka Nairobi kuwapigia mstari. Uamuzi ulikuwa wao, na ulinzi ukawa wao. Ni eneo dogo, lakini mlinzi ambaye ni jirani yako ni ngumu kumhonga na ni ngumu kumkimbia.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuongeza hekta, mambo matatu yafanywe. Mbuga za zamani zisiguswe, hata mwekezaji aje na doh ya aina gani. Marufuku ya juya, ambalo linazoa mpaka vifaranga, isimamiwe kwa kweli. Na sehemu ya ada ambayo watalii wanalipa kuingia mbuga za baharini iende kwa wavuvi kupitia kamati za ufuo, zile BMU, hasa miezi ya kusi.

Uchumi wa buluu umekuwa wimbo wa kila mkutano tangu ule mkubwa wa Nairobi wa 2018. Vijana tunaambiwa ajira ziko huko. Sawa. Lakini siku mwanasiasa atakaposimama kusema tumefikisha asilimia 30, muulize maswali mawili tu: eneo hili limefungwa tangu lini, na nani wa hapa alikubali?