Kompyuta yaweza kuuliza, jibu ni la mgonjwa na jamaa

TERRI Schiavo alipozimia nyumbani kwake Florida, Marekani, mwaka wa 1990, hakuwa ameacha maandishi yoyote kuhusu matibabu aliyoyataka. Mumewe alisema mkewe hangependa kuendelea kulishwa kwa mpira; wazazi wake wakapinga. Kesi iliyoanza 1998 iliendelea hadi alipofariki Machi 2005, akiwa na umri wa miaka 41.

Pengo kama hilo ndilo wataalamu wa Marekani wanajaribu kuliziba kwa kompyuta. Mnamo 2013, Dkt Rebecca Sudore na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walizindua tovuti ya PREPARE. Kupitia video fupi, mgonjwa huongozwa kumteua wa kumsemea, kupima analolithamini zaidi maishani, kisha kumweleza daktari.

Je, inafaa? Utafiti uliochapishwa 2017 ulihusisha wanajeshi wa zamani 414. Miongoni mwa waliopewa fomu rahisi pekee, asilimia 25 waliwekewa rekodi mpya ya matakwa yao. Walioongezewa tovuti walikuwa asilimia 35.

Faida ipo, ingawa wengi bado hawakuwa na rekodi hiyo. Aidha, matakwa hubadilika maradhi yanapozidi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, daftari ambalo jamaa hawalijui halitamsaidia mgonjwa asiyeweza tena kusema. Kompyuta huanzisha mazungumzo tu. Kuyakamilisha ni jukumu la mgonjwa, jamaa zake na daktari, mapema.