Muziki wa Butura

Wanafunzi wangu wananifahamu kama mwalimu wa masomo mazito na mtu wa vikao virefu vya idara. Wachache wanajua kwamba ninatunza daftari ambamo, kwa zaidi ya miaka ishirini, nimekuwa nikiandika kila albamu iliyonigusa: jina la kikundi, mwaka, mahali iliporekodiwa, na kampuni iliyoitoa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika makala hii.

Nianze na zile ninazozipenda kuliko nyingine. *Bongo Hotheads* ya Jagwa Music, mchiriku wa uswahilini Dar es Salaam, kinanda kidogo cha Casio kikilia juu ya ngoma kama kimepandwa na pepo. Albamu hiyo ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji. *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, ilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. *Uhamiaji* ya Msafiri Zawose, mwaka huohuo, ni ya Soundway ya London. *Siti of Unguja* ya Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, mwaka 2020, ni ya On the Corner, nayo ya Uingereza.

Halafu kuna wale niliowagundua karibuni, kama msikilizaji anavyoweza kudai kugundua watu ambao majirani zao wanawafahamu tangu utotoni. DJ Travella, kijana wa Dar es Salaam aliyeisukuma singeli hadi mahali ambapo mwili unachoka kabla ya sikio: *Mr Mixondo*, 2022, Nyege Nyege Tapes. Kikundi cha Nakibembe cha Busoga, Uganda, watu kadhaa wakipiga kwa pamoja marimba moja kubwa, embaire, iliyolazwa juu ya shimo: 2023, Nyege Nyege Tapes tena. Na The Zawose Queens, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose. Katika mapokeo ya muziki wa ukoo wao wanawake walikaa nyuma wakiitikia. Sasa wamesimama mbele. *Maisha*, 2024, Real World, Uingereza.

Msomaji ameshaona ninakoelekea. Katika orodha hiyo sauti nyingi ni za Watanzania, lakini hakuna kampuni hata moja ya Tanzania.

Wazungu wana neno kwa muziki wa aina hii, muziki unaotoka nje ya makampuni makubwa. Kwa Kiswahili tafsiri yake nyepesi ni muziki wa kujitegemea, na sisi, wa nchi hii hasa, hatuna haki ya kulisikia neno hilo kana kwamba ni geni. Januari 1977 vijana wa Buzzcocks wa Manchester walitoa *Spiral Scratch* kwa fedha za kukopa, chini ya lebo waliyoiunda wenyewe, kwa sababu hawakutaka kusubiri ruhusa ya London. Sisi tulikuwa tumelitangaza neno kujitegemea miaka kumi kabla yao, pale Arusha, na tukalifundisha hadi shule za msingi. Wao walilitenda kwenye muziki, nasi tukaliacha kwenye vitabu vya uraia.

Mimi ni mtu wa Ihembe, Karagwe, na kwetu tuna neno linaloeleza hali hii vizuri kuliko nadharia yoyote niliyoisoma nikitafuta shahada ya uzamivu. Neno hilo ni butura. Mkulima mwenye shida ya ada au matibabu anauza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mnunuzi anampa fedha kidogo leo, na msimu ukifika anakuja kuchukua mavuno yote. Serikali imekemea butura mara nyingi, na inastahili kukemewa. Lakini anayeielewa anajua kwamba mnunuzi ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Chama cha ushirika kinapochelewa kumlipa na benki isipomtambua, mwenye fedha taslimu ndiye ushirika na ndiye benki.

Muziki wetu wa kujitegemea ni muziki wa butura. Kijana ana sauti, kikundi na nyimbo kumi. Anachokosa ni mtu wa kumkopesha siku tano za studio, kuchapa jalada, kuandika mkataba unaosomeka, na kuipeleka kazi kwa wasikilizaji. Basi anayekuja wa kwanza na fedha anachukua shamba likiwa kwenye maua. Wakati mwingine huyo ni prodyuza wa mjini anayebaki na kanda mama. Wakati mwingine ni meneja anayemsainisha karatasi asiyoielewa. Na wakati mwingine, niseme kwa haki, ni kampuni ndogo ya ng'ambo inayoongozwa na watu waungwana, inayoandika jina la kila mpiga ngoma na kumfikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Siwalaumu hawa wa mwisho. Bila wao nusu ya daftari langu ingekuwa tupu. Ninachokataa ni sisi kuwageuza kuwa kisingizio, tukishangilia kwamba "dunia imetutambua" huku sisi wenyewe tumekataa kujitambua.

Tena jambo hili si la jana. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Hapakuwa na mahali pa kurekodia Unguja, na mkoloni hakuwa na sababu ya kupajenga. Karibu karne moja baadaye kitukuu chake anaimba, na jina lililo kwenye jalada ni la kampuni ya Uingereza. Kuhusu 1928 tunaweza kumlaumu mkoloni. Kuhusu 2020 tumlaumu nani?

Najua jibu la wengi: soko. Watanzania hawanunui muziki, wanasema, wanataka vya bure. Hoja hii inarudiwa na watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi, Omurushaka au Kayanga, siku ya gulio. Dereva wa bodaboda anatoa noti yake, anachagua nyimbo, anajaziwa flashi, anaondoka. Amenunua muziki. Fedha imetoka mfukoni mwake. Haikumfikia mwimbaji kwa sababu hakuna aliyejenga njia ya kuifikisha, japokuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999 na chombo cha kukusanya mirabaha tunacho. Soko lipo, ila mizani imeshikwa na mtu wa kati, na wakulima wa kahawa hawahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni la lugha.

Kanuni za maudhui ya utangazaji wa redio na televisheni za mwaka 2018 zinaagiza kwamba lugha za utangazaji ni Kiswahili na Kiingereza. Lugha nyingine mpaka kwa kibali. Wimbo wa Kinyambo au wa Kihaya unaweza kupigwa, kama mgeni anayepewa kiti cha mlangoni. Lakini mtangazaji wa redio ya jamii ya Karagwe hawezi, kwa uhuru, kukaa saa nzima akizungumza Kinyambo na mpiga nanga: amwulize utenzi huu unamhusu mtawala gani, tusi hili la kifahari lina maana gani, kwa nini uzi ule umelegezwa. Muziki usiozungumziwa haujengi wasikilizaji, na bila wasikilizaji hakuna albamu.

Na matokeo yake ni kichekesho. Mto Kagera ukishauvuka, redio za Mbarara zinatangaza kwa Kinyankore mchana na usiku. Kinyankore na Kinyambo ni ndugu wa karibu kiasi kwamba bibi wa Ihembe haihitaji tafsiri. Basi bibi huyo anafungua redio ya Uganda. Anajua wanamuziki wa Ankole kwa majina, anacheka mizaha yao, anasikia matangazo ya biashara zao. Kanuni iliyotungwa kulinda umoja wa taifa imemkabidhi raia wa Tanzania, masikio yote mawili, kwa watangazaji wa nchi jirani. Kahawa yetu inavuka kwa magendo ikifuata bei. Masikio yetu yanavuka kihalali kabisa, yakifuata lugha.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wataniambia kwamba lugha za makabila zilichochea maangamizi ya jirani zetu, na kwamba redio ilitumika. Ni kweli redio ilitumika Rwanda mwaka 1994, na Karagwe iliwapokea wakimbizi kwa maelfu. Hatuhitaji kukumbushwa na mtu wa Dodoma. Lakini redio ile ilitangaza kwa Kinyarwanda, lugha iliyozungumzwa na wauaji na waliouawa vilevile. Kilichoua ni maneno ya chuki na serikali iliyoyalea. Dhidi ya maneno ya chuki tuna sheria, na zitumike. Kumnyima mpiga nanga dakika sitini hakumzuii mchochezi yeyote.

Na tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanamke wa Kagera, Saida Karoli, aliimba *Maria Salome* kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza. Watu wa Mtwara waliimba maneno wasiyoyaelewa, harusi za Arusha hazikuisha bila wimbo ule. Sikusikia umoja wa taifa umepata hata mkwaruzo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa sura mpya, *Salome*, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga wakati wa wimbo wa kwanza wakaucheza tena. Wimbo mmoja wa Kihaya ulilisha vizazi viwili vya biashara ya muziki nchini. Ni nyimbo ngapi za namna hiyo zimekufa vilabuni kwetu, kando ya rubisi, kwa kukosa mtu wa kubonyeza kitufe cha kurekodi?

Nanga, kwa wasioifahamu, ni gogo lililochongwa mfano wa trei, uzi mmoja ukipitishwa huku na huku hadi zikapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji anaweza kukesha akisimulia habari za mashujaa. Profesa M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya tendi za nanga za Wahaya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na kwa kazi hiyo aliwajibu wale waliodai kwamba Afrika haina tendi. Wasomi tunainukuu tasnifu hiyo. Lakini mwanafunzi akiniuliza aipate wapi albamu moja ya nanga iliyorekodiwa vizuri, yenye jalada na majina, ya kununua, ninabaki kumtazama. Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake mwaka 1950, na alichokusanya kimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, za enzi ambapo redio ya serikali ilikuwa pia ndiyo studio ya taifa, zipo hapahapa nchini, na bado mimi huzisikiliza nyingi kupitia mikusanyiko ya Buda Musique ya Ufaransa.

Nini kifanyike? Kanuni ya lugha ibadilishwe ili redio za jamii ziruhusiwe, bila kuomba kibali, saa kadhaa kwa wiki za muziki na mazungumzo katika lugha za wenyeji. Hilo halihitaji hata shilingi moja. Linahitaji saini ya waziri. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia nne ni ya vijana. Masharti yanataka kikundi. Bendi ni nini kama si kikundi? Afisa maendeleo ya jamii anayeidhinisha mkopo wa mashine ya kufyatua matofali aidhinishe pia wa maikrofoni nne na kompyuta, kwa masharti yaleyale ya marejesho. Na vyuo vikuu, changu kikiwemo, viache kukusanya nyimbo za wazee kama vielelezo vya tasnifu na kuzifungia kabatini. Mzee aliyerekodiwa ana haki ya nakala, ya jina lake, na ya fungu lake kazi hiyo ikiuzwa.

Kwa wanafunzi wangu wa Karagwe na Kyerwa mnaorudi nyumbani likizo hii: simu zenu zinarekodi vizuri kuliko mashine za Tracey. Neno ihembe, kwa Kinyambo, ni pembe, na pembe zinazopulizwa bado zipo, pamoja na wanaojua kuzipuliza. Nendeni mkiwa na karatasi mbili za makubaliano, kwa Kiswahili au kwa Kinyambo, moja abaki nayo mpigaji. Andikeni jina lake kamili, la aliyemfundisha, mahali na tarehe. Someni makubaliano kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani kwake kabla hamjabonyeza kitufe, na fungu lake litajwe kwa asilimia.