JIWE LETU, NYUNDO YETU, FAIDA YA NANI?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wananchi wa Tenke!

Kila siku mnaona shaba na kobalti zikienda zake. Hayo tumekwisha yasema, na tutayasema tena. Leo tunasema juu ya jiwe la chokaa, ambalo wakubwa hawalitaji mkutanoni.

Wakoloni walilijua. Kakontwe, karibu na Likasi, walilichimba. Lubudi walijenga kiwanda cha simenti. Hata leo migodi hutumia chokaa kuua ukali wa asidi iliyoyeyusha shaba. Je, jiwe la namna hii ni takataka?

Tazameni ujenzi. Sehemu kubwa ya zege si simenti, ni kokoto na mchanga. Jiwe la chokaa si gumu sana: mashine yenye mataya hulipasua, chekecheke hutenga kokoto kubwa na ndogo, na chembe zisizozidi milimita 5, zikioshwa vumbi, ndizo mchanga wa kusagwa. Hivyo kingo za mito yetu nazo zitapona majembe.

Tena kokoto ni mzigo mzito wa bei ndogo. Ukiubeba mbali, fedha yote humezwa na kamioni. Basi faida yake iko hapa hapa karibu na mji, tukitaka kuishika.

Lakini nani anapasua mawe katika miji yetu? Ni mama, juani, kwa nyundo, mtoto kando yake, bila miwani ya kulinda macho. Akimaliza lundo, bei anatajiwa na mnunuzi! Bendera ilipanda tarehe 30 Juni 1960. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja Gécamines. Mwaka 2016 CMOC ilinunua sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke Fungurume. Majina yamebadilika mlangoni. Nyundo ya mama haikubadilika.

Wengine watasema: mashine itamnyang'anya mama kazi. Kweli, ikiwa ni mashine ya tajiri. Ikiwa ni ya mama mwenyewe na wenzake katika ushirika, itamnyang'anya nini ila maumivu ya mgongo?

Fedha zipo. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mahali mgodi ulipo, na inadai asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya wenyeji. Mali bila daftari hupotea bila habari!

Kwa hiyo tunadai: hesabu hizo zisomwe hadharani. Inunuliwe mashine ya ushirika wa wapasua mawe. Shule na barabara zetu zijengwe kwa kokoto zao. Na maji yamwagwe juu ya vumbi, kwani ninyi wa mgodini mnajua vumbi linavyokula mapafu.

Ndugu, nendeni mkaulize hesabu. Asiyeuliza hupewa makombo.

UHURU NI KAZI, NA KAZI NI MALI YA MFANYAKAZI!