MAMA NA NYUMBA: Hita yako ni ya aina gani?

Mama mwenzangu, kuanzia Juni hadi Agosti baridi huuma kwelikweli huko Njombe, Makete, Mufindi na Limuru. Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate usingizi. Wengine hununua hita, mpya au ya mtumba, bila kujua inafanyaje kazi. Mwezi huu tujifunze kuzitambua, maana kosa dogo laweza kuzima nyumba nzima kwa usiku mmoja.

Jiulize kwanza: Je, kuna kitu kinachoungua ndani yake?

Zinazounguza. Hizi ni jiko la mkaa, hita ya mafuta ya taa na hita ya mtungi wa gesi. Zote hula hewa ya chumba na zaweza kutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usidanganyike na mkaa mwekundu ulioacha kutoa moshi. Sumu bado ipo. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mkiziona, tokeni nje upesi, kisha mwende hospitali. Jiko la mkaa lisilale ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi.

Za umeme. Hizi hazitoi sumu hiyo. Baadhi ya aina zake ni hizi tatu:

1. Ya waya mwekundu. Humpasha joto aliye mbele yake. Iwe mbali na pazia, kitanda na watoto, angalau mita 1.

2. Ya feni. Hupuliza hewa ya moto na kupasha chumba haraka, lakini ikizimwa baridi hurudi upesi.

3. Ya mafuta. Ina mabamba ya chuma yaliyosimama kama kurasa za kitabu. Usiichanganye na ile ya mafuta ya taa! Mafuta yake yamefungwa ndani, hayaungui wala hayaongezwi. Hupata moto polepole na kupoa polepole, hivyo yafaa chumba cha kulala. Ikivuja, usiitumie.

Kwenye mitumba ya Ulaya waweza kukuta bamba lenye matundu ya mabomba lakini halina waya wa umeme. Hilo hupitisha maji ya moto kutoka bwela ya nyumba. Peke yake halina kazi, usilinunue.

Muuzaji asikuambie kwamba moja hutoa joto zaidi kwa umeme uleule. Hita yoyote ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo kwa saa 1 hula yuniti 2. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mwembamba wa kuunganishia, na usianike nepi juu yake.

Na kama huna uwezo wa kununua hita, ota moto jikoni na watoto kabla ya kulala, jiko libaki hukohuko, kisha wavishe soksi na uwaongezee blanketi.