KUWEKA KIDOLE PEKE YAKE SI MKATABA



Wengi wetu katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet tumeweka kidole juu ya karatasi tusiyoisoma. Tukiuliza baadaye, twajibiwa: "Umekwisha kubali, basi nyamaza." Chama chataka kila mwanachama ajue ya kuwa jibu hilo si kweli. Kukubali peke yake hakufanyi mkataba. Sheria yataka na mambo mengine, na leo twayataja mawili.

La kwanza ni badali, yaani kila upande utoe kitu. Wewe watoa kazi, mwajiri atoa mshahara. Msimamizi akiahidi blanketi kwa hisani yake tu, asipolitoa huwezi kumshtaki, kwa kuwa hukutoa kitu kwa ajili yake. Lakini ukiambiwa kwamba kila kilo ya majani inayozidi kipimo italipwa, nawe ukaichuma, hiyo si zawadi tena. Ni haki yako.

Angalieni hapa, ndugu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ambayo tangu 1961 yafuata misingi ya Kiingereza, haiulizi kama badali yatosha. Yauliza tu kama ipo. Kwa hiyo mtu akipatana na kampuni peke yake, njaa ndiyo humpangia bei. Ndiyo sababu Sheria ya Ajira ya 2007 imeweka kiwango ambacho mkataba hauwezi kushuka chini yake. Na ndiyo sababu kuna chama. Mapatano ya chama na waajiri yakiisha kusajiliwa mahakamani, huingia katika mkataba wa kila mfanya kazi anayehusika, hata kama karatasi yake haikuyataja.

La pili ni kusudi halali. Mapatano ya kutenda lililokatazwa na sheria si mkataba, hata yakipigwa mihuri kumi. Anayetaka hongo ili akuandike kazi hana deni la kukudai. Karatasi inayokukataza kujiunga na chama haina nguvu, maana Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yakupa haki hiyo.

Na liko jambo la aibu kubwa kuliko hayo. Mwezi wa Februari 2023, BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai hapa kwetu, waliosema kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kimwili. Wapo wanaonong'ona, "Alikubali mwenyewe." Hayo ni maneno ya upuzi. Mama ambaye watoto wake watalala njaa akifukuzwa hakukubali, amelazimishwa. Wala hakuna mapatano ya namna hiyo katika sheria. Sheria ya Ajira yamkataza mwajiri na mwakilishi wake kuuza kazi kwa bei hiyo, na yamtaka kila mwenye wafanya kazi 20 au zaidi atoe taarifa ya kuzuia uovu huo. Tena Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 yauhesabu kuwa kosa la jinai.

Basi shikeni haya. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iandikwe, na kuandika ni juu ya mwajiri. Asiyejua kusoma aelezwe mkataba kwa lugha anayoifahamu, hata kama ni Kikipsigis. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Na yeyote akidaiwa badali ya haramu, asinyamaze: amwendee mwakilishi wa chama siku ile ile, naye asiende peke yake.

Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1910, mtumishi aliyevunja mkataba aliweza kutiwa jela. Mkataba ulikuwa kamba ya kumfunga mmoja. Leo kamba hiyo ina ncha mbili, na moja imo mikononi mwetu. Tusiiachilie.